Mbwa, Baiskeli na Hofu Inayobaki Baada ya Kuanguka

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi ni wakati wa baiskeli. Wanafunzi huelekea shuleni, mafundi huenda kazini, na wauza maziwa hupita wakiwa wamefunga madumu kwenye keria. Wakati huohuo mbwa waliolinda nyumba usiku kucha wangali wamezagaa nyuani na njiani. Baadhi yao huinua kichwa tu wakamtazama mpita njia. Wengine hutoka mbio wakibweka, na aghalabu humwacha mtu anayetembea kwa miguu wakamfuata aliyepanda baiskeli. Mwendeshaji huongeza mwendo, mbwa naye huongeza. Mwendeshaji hugeuka nyuma kumtazama, usukani huyumba, na mambo huishia mtaroni.

Ajali ya namna hii huhesabiwa kuwa bahati mbaya tu. Aliyeanguka hupewa pole, hupakwa dawa magotini, na watu hudhani yamekwisha. Lakini mara nyingi hayajakwisha. Jeraha la meno lisiloshughulikiwa laweza kuleta ugonjwa ambao, dalili zake zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Na hata pale ambapo hapakuwa na meno, goti hupona kwa wiki mbili ilhali hofu hubaki kwa miezi. Mwanafunzi aliyekuwa akifika shuleni kwa dakika 20 huanza kutembea kwa saa nzima na zaidi, hufika amechoka, na pengine huanza kukosa vipindi vya asubuhi. Wazazi humwita mvivu au mwoga. Sayansi ina maelezo mengine, yenye manufaa zaidi kuliko lawama. Na la ajabu ni kwamba maelezo ya tabia ya mbwa na maelezo ya hofu ya mwendeshaji yanatoka katika chemchemi moja.

Mbwa anafukuza nini?

Mbwa ni mzawa wa mbwa mwitu, na amekaa na binadamu kwa muda usiopungua miaka 15,000 hivi. Katika muda huo mrefu binadamu amebadili mengi katika umbo na tabia yake, lakini hakuufuta mfululizo wa vitendo vya uwindaji: kutazama, kunyemelea, kufukuza, kuuma, kuua. Alichofanya ni kuongeza hiki na kupunguza kile. Mbwa wa kuchunga kondoo hunyemelea na kufukuza lakini huishia hapo. Mbwa wa msasi huendelea hadi mwisho. Mbwa wa kawaida wa nyumbani, ambaye hakuchaguliwa kwa kazi maalumu, hubaki na vipande vya mfululizo huo, na kipande kinachoamka kwa urahisi kuliko vyote ni kufukuza.

Kinachokiamsha ni mwendo. Jicho la mbwa halitofautishi rangi nyingi kama jicho la binadamu. Nyekundu na kijani humchanganya. Badala yake lina uwezo mkubwa wa kutambua kitu kinachosogea, hata katika mwanga hafifu. Katika majaribio ya zamani yaliyofanywa kwa mbwa wa polisi, wale waliofanya vizuri zaidi walitambua kitu kinachosogea kwa umbali wa mita 800 hivi na zaidi, ilhali kitu kilekile kikitulia hawakukitambua mpaka kiwe chini ya mita 600. Baiskeli basi ni kama imetengenezwa makusudi kumchokoza mbwa: inakwenda kasi, haina mngurumo wa kuionya kutoka mbali, na ina miguu miwili inayozunguka mfululizo karibu na usawa wa kichwa chake.

Kwa upande wa pili upo ulinzi wa eneo. Wengi wa mbwa wanaoonekana wakizurura vijijini si mbwa wasio na mwenyewe. Wana nyumba wanakolala na mtu anayewatupia makombo. Kwa mbwa wa namna hiyo, eneo la kulindwa haliishii kwenye ua. Hufika barabarani, na pengine huvuka barabara.

Hapa ndipo penye jambo ambalo waendesha baiskeli wengi hawalifikirii. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha matokeo ya majaribio ambamo alifungia paka katika visanduku vyenye komeo. Paka alihangaika huku na huku mpaka akagusa komeo kwa bahati, mlango ukafunguka, akapata chakula. Kadiri alivyorudishwa ndani ndivyo alivyozidi kufungua upesi. Kanuni aliyoitoa Thorndike ni rahisi: kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha huzidi kurudiwa. Sasa na afikiriwe mbwa wa kwenye kona. Anabweka na kufukuza; baiskeli inakimbia na kutoweka. Kwa maoni yake amefaulu kumfukuza mvamizi. Kesho yake anafaulu tena, na kesho kutwa tena. Mwisho wa muhula mbwa huyo amekuwa shujaa wa kona ile, na waliomfundisha ni waendesha baiskeli wenyewe kwa kukimbia kwao.

Hesabu ya mbio

Mbwa wa kawaida mwenye afya aweza kukimbia kiasi cha kilometa 30 kwa saa kwa umbali mfupi; wale wa mashindano, wembamba na warefu, hupita kilometa 60. Mwanafunzi mwenye baiskeli ya kawaida katika barabara ya changarawe huenda kilometa 15 kwa saa, na akiwa amempakia mdogo wake, pungufu ya hapo. Ikiwa mbwa ameanza mbio akiwa mita 20 nyuma, tofauti ya mwendo wao ni mita 4 na kitu kwa sekunde. Atamfikia kabla ya sekunde 5 kwisha. Mwendeshaji akifaulu kuruka mara moja hadi kilometa 25 kwa saa, jambo ambalo baiskeli nzito haliruhusu, mbwa atahitaji sekunde 14 hivi kumfikia. Wakati huo watakuwa wamekwenda karibu mita 100, na mbwa wengi huwa wamekwisha kuacha kwa kuwa wametoka nje ya eneo lao. Ndiyo maana wapo watu wanaosema kwa ushahidi wa macho yao kwamba dawa ya mbwa ni kukanyaga pedali kwa nguvu. Wanasema kweli kuhusu siku walizofaulu.

Gharama ya siku watakayoshindwa hupatikana kwa hesabu ya nishati ya mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na tungamo la kilogramu 80, kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa wana nishati ya jouli 309. Kwa kilometa 25 kwa saa wana jouli 1,929. Mwendo umeongezeka mara mbili na nusu, lakini nishati ambayo ardhi, mifupa na ngozi vitalazimika kuipokea imeongezeka zaidi ya mara sita. Kwa mwendo wa kutembea, kilometa 4 kwa saa, ni jouli 49 tu. Mwanafunzi akiihesabu mwenyewe ataona kwamba uamuzi mkubwa kuliko wote mbele ya mbwa ni uamuzi kuhusu mwendo.

Kisha kuna suala la mizani. Baiskeli haisimami wima kwa sababu ya magurudumu yake kuzunguka tu, kama vitabu vingi vilivyodai. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alijaribu kuunda baiskeli isiyoweza kuendeshwa kwa kuyaondoa mambo yaliyodhaniwa kuishikilia wima, naye akaona kuwa kuondoa nguvu ya mzunguko wa gurudumu hakukutosha kuiangusha. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walionyesha chombo chenye magurudumu mawili kilichojisawazisha chenyewe ingawa hakikuwa na nguvu hiyo wala ule mpangilio uliosifiwa sana wa gurudumu la mbele kugusa ardhi nyuma ya mhimili wa usukani. Jambo ambalo halina ubishi ni hili: baiskeli ikianza kulalia upande mmoja, gurudumu la mbele hugeuzwa kuelekea upande huohuo, hivyo magurudumu hurudishwa chini ya kitovu cha uzito. Mwendeshaji hufanya masahihisho madogo ya namna hiyo wakati wote bila kujua.

Mbwa huyavuruga masahihisho hayo kwa njia nyingi. Mtu akigeuza kichwa na mabega kumtazama, mikono hufuata mabega, na usukani hufuata mikono. Ndiyo maana wengi huanguka kuelekea kile wanachokikimbia. Akimpiga teke, anaondoa mguu kwenye pedali na kuhamisha uzito. Tena, kwa kuwa kila kani ina kani mkabala iliyo sawa nayo, kiasi anachomsukuma mbwa ndicho kiasi anachojisukuma mwenyewe upande wa pili. Akiachia mkono mmoja ili ashike pampu au fimbo, mkono uliobaki huvuta usukani. Na mbwa mwenyewe akigonga gurudumu la mbele, usukani hugeuzwa ghafla, magurudumu hukimbilia upande mmoja na mwili huendelea upande mwingine. Pigo kwenye gurudumu la nyuma huyumbisha baiskeli, lakini mara nyingi huvumilika.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la uwanjani. Mstari wa chokaa, utepe wa kupimia na saa vyatosha. Mwanafunzi aendeshe kwa mwendo uliopimwa, na filimbi ipulizwe asipoitarajia. Ikichukuliwa kuwa anakawia sekunde moja kabla ya kubana breki, na kwamba breki zinapunguza mwendo wake kwa mita 2.5 kwa sekunde katika kila sekunde, atasimama baada ya mita 8 hivi akiwa alikuwa na mwendo wa kilometa 15 kwa saa, na baada ya mita 16 na nusu akiwa na mwendo wa kilometa 25. Matokeo halisi yatatofautiana na hesabu, hasa kwa baiskeli yenye breki ya nyuma peke yake, na tofauti hiyo ndiyo inayofundisha.

Kushuka

Kutokana na hayo yote, ushauri hujitoa wenyewe. Mwendeshaji anayemwona mbwa mapema apunguze mwendo mapema, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani, macho yakiwa mbele kwenye njia atakayopita. Mbwa akitoka mbio, asimame. Ashuke upande ulio mbali na mbwa, na baiskeli ibaki katikati yao kama ua. Kwa wakati huo kitu kilichomwamsha mbwa kimetoweka: hakuna tena miguu inayozunguka, hakuna mwendo, na mbele yake amesimama mtu, kiumbe anayemfahamu. Mbwa wengi huonekana kama walioduwaa. Huendelea kubweka kwa umbali wa hatua chache, kisha hupunguza. Sauti nzito na ya utulivu ya kumwamuru arudi husaidia, mayowe hayasaidii. Asimkodolee macho, kwani kwa mbwa hilo ni tangazo la vita. Aondoke polepole akisukuma baiskeli, asimpe mgongo, na asipande mpaka awe mbali.

Afrika ya Mashariki ina mbinu yake ambayo kila mtoto wa kijijini anaijua: kuinama kana kwamba unaokota jiwe. Mbwa wengi hurudi nyuma kabla jiwe halijaonekana. Huyo ni Thorndike tena, kwani mbwa amejifunza kwamba mtu anayeinama huleta maumivu. Ishara yenyewe hutosha. Jiwe likirushwa likampata, laweza kumfukuza mbwa wa leo na kumtengenezea mpita njia wa kesho adui mwenye kinyongo. Hali kadhalika, Wafaransa wa mwisho wa karne ya 19 walipita kiasi: walitengeneza bastola ndogo iliyoitwa Velo-Dog, iliyouzwa kwa waendesha baiskeli waliosumbuliwa na mbwa. Yeyote aliyeielewa hesabu ya mizani atajiuliza ni wangapi waliolenga shabaha kwa mkono mmoja katika mwendo bila kuanguka.

Mambo yakishindikana na mtu akaangushwa, alale kifudifudi, ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono, atulie. Kulala kimya chini ya mbwa anayebweka ni jambo gumu mno, lakini mwili unaotapatapa ndio unaoitwa windo.

Jeraha la meno

Hapa hapana nafasi ya kubahatisha. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani havisambai kwa damu kama vijidudu vingi. Huingia katika neva na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima, na jeraha lililo karibu na kichwa huifupisha. Katika muda huo aliyeumwa hujiona mzima kabisa. Dalili zikianza, tiba haipo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio chanzo cha vifo 99 katika kila 100.

Polepole hiyo ya virusi ndiyo nafasi ya binadamu. Mwezi Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto hakuugua. Tangu hapo kanuni haijabadilika: mwili ufundishwe kujikinga kabla virusi havijafika ubongoni. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Majivu, pilipili, mafuta na majani yasitiwe. Kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, aanze chanjo, na amalize sindano zote kwa ratiba atakayopewa. Kwa majeraha mabaya daktari huongeza dawa ya kinga inayochomwa penye jeraha lenyewe. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa anayejulikana azuiliwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari aweza kuamua kusimamisha chanjo. Aliyechelewa kwa siku kadhaa aende vilevile, kwani kuchelewa si sababu ya kuacha.

Mwendesha baiskeli ana tahadhari moja zaidi. Mtu aliyechunwa ngozi na changarawe, kisha mbwa akamlamba au kumkwaruza alipokuwa chini, huapa kwamba hakuumwa. Mate yaliyogusa ngozi iliyochubuka huhesabiwa. Tena asidhani kuwa mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali. Wapo wanaolegea, taya likaning'inia, mate yakachuruzika, na mtu mwenye huruma akamkaribia.

Ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ya mbwa ziliutokomeza mwaka 2014; ukaingizwa tena mwaka 2016, na ukalazimika kupigwa vita upya kwa chanjo. Mbwa aliyechanjwa bado aweza kumwangusha mtu, lakini hiyo itakuwa ajali ya magoti tu.

Hofu inayobaki

Majeraha yamepona, baiskeli ipo, na mwanafunzi hataki kuipanda. Au anaipanda, lakini akisikia mbweko wa mbali mikono hukaza, moyo hudunda, jasho humtoka. Anajua kwa akili kwamba mbwa yule amefungwa. Mwili wake haujui.

Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa hutoa mate kwa sauti peke yake. Hofu hujifunzwa vivyo hivyo, kwa tofauti moja: mate yalihitaji marudio mengi, ilhali maumivu makali huhitaji mara moja tu. Ndani kabisa ya ubongo pana fundo dogo la neva liitwalo amigdala, ambalo huunganisha hatari na chochote kilichokuwapo wakati huo: mbweko, kona, mlio wa changarawe, hata hali ya kushika usukani. Uunganishaji huo hauombi ruhusa ya fikra. Kwa hiyo kumwambia mtoto "usiogope" ni sawa na kumwambia mbwa wa Pavlov asitoe mate.

Kinachoiimarisha hofu ni kuikwepa. Hoja hii ilitolewa kwa uwazi na Mmarekani Hobart Mowrer mwaka 1947. Mwanafunzi akizunguka njia ya mbali, moyo hutulia, na utulivu huo ni zawadi. Amethawabishwa kwa kukwepa, kama vile mbwa alivyothawabishwa kwa kufukuza, na kesho atakwepa upesi zaidi. Wakati huohuo hapati kamwe nafasi ya kujifunza kwamba kona ile inapitika.

Methali za mitaani husema aliyeanguka apande tena papo hapo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Aliyegonga kichwa, akatapika, akachanganyikiwa au akapata kizunguzungu, apumzike na kuonwa na daktari. Baiskeli nayo ichunguzwe: uma uliopinda, spoku zilizolegea na breki isiyoshika humpa mwendeshaji sababu halali za kuogopa. Na kumlazimisha mtu aliyejaa hofu kurudi moja kwa moja mahali pa ajali kwaweza kuirudisha hofu yote mara mbili.

Njia iliyothibitika ni ya ngazi. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, Mmarekani, aliandika habari za mtoto aliyeogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali wakati mtoto akila chakula alichokipenda, na akasogezwa kidogo kidogo hadi mtoto akamgusa. Kisha Joseph Wolpe wa Johannesburg, aliyeanza kwa majaribio ya paka, aliigeuza kanuni hiyo kuwa tiba kamili katika kitabu alichokitoa mwaka 1958: mgonjwa huorodhesha yanayomtisha kuanzia dogo hadi kubwa, akayakabili kwa utaratibu huo.

Kwa mwanafunzi wetu ngazi yaweza kuanza kwa kuisukuma baiskeli uani. Kisha aiendeshe katika uwanja wa mpira, mwendo wa polepole kabisa, afanye mazoezi ya kubana breki na kushuka upande wa kushoto na wa kulia, mpaka mwili ushuke wenyewe. Ajizoeze kutazama nyuma mara moja huku akifuata mstari wa chokaa. Baadaye atoke barabarani na mwenzake saa zisizo na watu. Apite kwenye kona ile kwa miguu. Apite akisukuma baiskeli. Na mwisho apite akiiendesha. Kofia ngumu, ikipatikana, ivaliwe katika ngazi zote. Kila mara ajiulize hofu yake ni ngapi kati ya 0 na 10, na asiondoke pale alipo mpaka namba hiyo ishuke yenyewe. Akikimbia ikiwa 8, amejifundisha kukimbia. Akingoja, ataona kwamba mwili hauwezi kukaa kileleni muda mrefu. Moyo huchoka kudunda.

Mazoezi ya breki na kushuka si maandalizi tu. Albert Bandura alionyesha mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa anaweza jambo hujengwa zaidi na kule kulitenda kwake kuliko na maneno ya kutiwa moyo. Mwanafunzi aliyekwisha kushuka salama mara 50 uwanjani anakwenda kwenye kona na kitu alicho nacho mkononi. Dhihaka za wenzake zaweza kuyaharibu yote hayo kwa siku moja, na mwalimu ndiye mwenye uwezo wa kuzizuia. Ikiwa baada ya mwezi mmoja ndoto mbaya na picha za ajali zingali zikimjia, au hali chakula wala halali, huyo anahitaji mganga wa hospitali, si uwanja wa mpira.

Hofu iliyozimwa kwa namna hii haifutwi. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mwitikio uliozimika hurudi baada ya mapumziko, ingawa kwa udhaifu. Mwanafunzi anayerejea kutoka likizo akaona mikono inakaza tena asidhani kazi yake imepotea. Arudi ngazi moja au mbili, na safari hii atapanda upesi. Yafaa pia mazoezi yafanyike katika njia mbalimbali, kwani ujasiri uliopatikana uwanjani peke yake huelekea kubaki uwanjani.

Mbwa wa kwenye kona naye anaweza kuzimika, kwa kanuni zilezile. Kila mwendeshaji akishuka na kupita kwa miguu, kufukuza hakuzai matunda tena. Lakini siku za kwanza atabweka zaidi na kusogea karibu zaidi kuliko zamani, kama mtu anayegonga kwa nguvu mlango uliozoea kufunguka. Asiyelijua hilo huamua kwamba mbinu imeshindwa, akarudi kukimbia. Na mwendeshaji mmoja tu akikimbia kati ya kumi, hali huwa mbaya zaidi, maana tabia inayothawabishwa mara moja moja ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuivunja. Kwa hiyo haifai mwanafunzi mmoja alianze jambo hili peke yake. Wote wanaotumia njia ile wapatane, wamwendee mwenye mbwa mchana akiwa nyumbani, wamweleze, wamwombe amwite mbwa wake asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo, na wamuulize kama amechanjwa.